Kengele Shingoni mwa Debora

Yusta alikuwa akipiga pasi mashuka ya wageni simu ilipolia mfukoni mwa aproni yake. Ulikuwa mlio wa peke yake, wa kukatikakatika, na wenzake wote katika chumba cha kufulia walikuwa wameshauzoea. Aliisimamisha pasi, akasoma ujumbe ule ule wa siku zote: DEBORA ANAHITAJI MSAADA.

"Mama tena?" aliuliza Letisia, aliyekuwa akikunja mataulo upande wa pili wa meza.

"Mama tena."

Alimpigia baba yake. Simu ya mzee Yared iliita hadi ikakata. Akapiga tena, ikawa vile vile. Akampigia Joha, jirani yao wa kule Kilosa, naye hakupatikana. Alikwenda kusimama mlangoni pa ofisi ya meneja, Bwana Deogratias, akaomba ruhusa huku ameshavua aproni.

"Wiki iliyopita pia ulikwenda," meneja alisema bila kuinua macho.

"Ya wiki iliyopita haikuwa kweli, bosi. Leo baba hapokei."

"Nenda. Lakini siku ya leo haihesabiwi."

Kutoka Mikumi hadi Kilosa Yusta hakuzungumza na mtu. Aliupakata mkoba wake akawaza mambo ambayo hakutaka kuyawaza: sanda, turubai la msiba, nani wa kumwambia mama mchungaji. Gari liliposimama aliteremka wa kwanza, akakimbia kutoka barabarani mpaka uani kwao Mbumi, kiatu kimoja mkononi.

Mama yake alikuwa ameketi kivulini, bakuli la mbaazi mapajani, anabambua kwa mkono wake mmoja mzima. Kengele iliyoning'inia shingoni mwake ilikuwa imebanwa kati ya bakuli na kifua, na kila alipoinama ilijibonyeza. Baba yake alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni. Simu yake ilikuwa ndani inachajiwa.

"Shikamoo mama," Yusta alisema, anahema.

Debora akatabasamu kwa upande mmoja wa uso. "Mara... haba."

"Kulikoni, siku ya kazi hii?" Yared alitokea na shoka begani.

Yusta alimtazama baba yake, akamtazama mama yake, kisha akaketi chini kwenye vumbi na sare yake ya hoteli, akalia kwa hasira. Alipomaliza kulia akacheka, maana hakuna aliyekufa.

Kengele ile ililetwa na taasisi moja ya afya iliyokuwa ikifanya majaribio kwa wagonjwa wanaohitaji uangalizi wa muda mrefu. Kiharusi kilikuwa kimemwachia Debora mkono wa kushoto, mguu wa kuburuza, na maneno machache yaliyotoka moja moja kwa shida. Wataalamu walifunga ukutani kisanduku chenye laini ya simu, kinachotambua mtu anapopita chumbani. Shingoni wakamvika kifungo kikubwa cha mpira kwenye uzi. Asubuhi, Debora aliposhuka kitandani, kisanduku kilimtumia Yusta ujumbe: DEBORA AMEAMKA. Akibonyeza kifungo, ujumbe ulikwenda kwa watu watatu: Yusta aliyeko Mikumi, Joha wa nyumba ya pili, na Devota, muuguzi wa mradi pale mjini.

Ujumbe wa asubuhi Yusta aliupenda. Aliusoma kabla hajanawa uso, akasema "Asante Mungu," ndipo akainuka. Ulikuwa umemwondolea ile simu ya kila alfajiri ya kumuuliza baba yake mama ameamkaje, na baba kujibu "Ameamka" kwa sauti ya mtu anayeona binti yake hamwamini. Kengele ndiyo iliyowatesa. Ililia Debora akijigeuza kitandani. Ililia siku ya ibada ya nyumbani, mama mmoja wa kanisani alipomkumbatia kwa nguvu, Devota akapiga simu watu wakiwa katikati ya sala.

Aliyeumia zaidi ni Joha. Alikuwa mjane, mama wa makamo, aliyepika chapati na maharage nyumbani kwake na kuwapelekea wateja karibu na stesheni. Kila ujumbe ulimtoa jikoni. Siku moja aliacha sufuria nzima motoni, akakimbia, akamkuta Debora amelala fofofo juu ya kengele yake. Aliporudi, moshi ulikuwa umeshatoka mpaka nje kumpokea.

Jioni ya siku hiyo alikwenda kwa Yared, akasimama mlangoni na sufuria imeungua nyeusi mkononi.

"Shikamoo, Baba Yusta."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

"Siingii. Mimi Mama Yusta nampenda, Mungu anajua. Lakini hii mashine yenu inanichezea. Wateja wangu leo wamekula chapati kavu. Mmoja kaniuliza kama nimefilisika."

Yared aliitazama sufuria, aibu ikamshika. "Nisamehe. Mimi sikuiomba. Niliwaambia tangu siku ile, kengele ya mke wangu ni mimi."

Na ilikuwa kweli. Yared ndiye aliyemwogesha Debora, aliyemvalisha, aliyemsuka nywele vibaya, aliyefua mashuka yake na kuyaanika mchana kweupe watu wakipita. Mwanzoni vijana wa kijiweni walimcheka, wakasema mzee kaolewa. Hakuwajibu. Yusta alipotaka kutafuta msichana wa kusaidia, alikataa. "Mke wangu hatavuliwa nguo na mtoto wa watu," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Baada ya safari ile ya mbaazi, Bwana Deogratias aliwakusanya wafanyakazi wote pale mapokezi. Hakumtaja Yusta. Alisema tu kwamba tangu siku hiyo simu zote zitakaa kwenye droo ya ofisi yake saa za kazi, kwa sababu kuna watu wamekuja kazini na familia zao mfukoni. Wenzake hawakumtazama Yusta, na kule kutotazamwa kulimuuma kuliko kutazamwa. Mpishi mmoja alinong'ona, kwa sauti ya kusikika, kwamba hata yeye ana mama, ila mama yake hana rimoti.

Siku yake ya mapumziko Yusta alimpigia Devota.

"Dada Devota, njooni mkichukue."

"Kuchukua nini, Yusta?"

"Kidude chenu. Nashukuru, kweli nashukuru, lakini kitanikosesha kazi. Nikikosa kazi hata pampasi za mama sitaweza kununua. Na mama mdogo Joha tumemchosha, haongei tu."

"Watu wa tathmini wanakuja wiki ijayo. Wanapita nyumba kwa nyumba kuangalia wapi kimefaa na wapi hakijafaa. Penye usumbufu mwingi wanakiondoa, wanapeleka Kimamba. Kuna watu wanasubiri."

"Basi na wapeleke Kimamba."

Yared alipopewa habari hiyo kwa simu alisema, "Vyema." Akamgeukia mkewe, akamweleza kwa Kikaguru, lugha ya nyumbani mwao. Debora akaishika kengele kwa mkono wake wa kushoto, akaifumbata. Yared alidhani anataka kuivua, akainama kumsaidia, naye akausukuma mkono wa mumewe. Mzee akacheka, akaona ni mambo ya mgonjwa, akaenda kuchota maji. Hakuna aliyemuuliza Debora kitu.

Jumanne ya wiki iliyofuata Yared aliamka amechelewa. Mashuka yalikuwa yamelowa, na maji yaliyokuwa yakitoka bombani yangekatika wakati wowote. Alimwogesha Debora haraka haraka, akamlisha uji, akamketisha uani kwenye jua la asubuhi, kisha akaanza kufua.

Debora alikuwa akimtazama. Alimwona anakamua shuka, mara akasimama kama mtu aliyesahau alichokuwa akifanya. Shati lake lilikuwa limelowa jasho mgongo mzima, na jua lilikuwa bado changa. Akasema kitu kisichoeleweka, yeye ambaye siku zote ndiye aliyekuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili. Kisha akaenda chini taratibu, shuka bado mkononi, akalala ubavu karibu na beseni.

"Ya..." Debora aliita. "Ya..."

Jina alilolitamka tangu usichana wake lilikataa kutoka. Alijaribu kusimama, mguu ukakataa. Nje ya ua alipita mtu anapiga mluzi. Debora akatoa sauti, mtu akapita zake. Basi akaishika kengele, akaibonyeza, akaiachia, akaibonyeza tena.

Devota alikuwa kliniki anamfunga mgonjwa kidonda. Alipoona ujumbe alimpigia Yared, na Debora akaisikia simu ya mumewe ikilia mfukoni mwa suruali yake, pale pale chini, mahali ambapo angefika kwa dakika moja kama miguu ingekuwa yake.

Joha alikuwa anasukuma chapati. Aliutazama ujumbe, akaitazama sufuria ya maharage iliyokuwa ikichemka vizuri.

"Hapana," alisema peke yake. "Leo siendi."

Akasukuma chapati moja, akaitupia kikaangoni. Ujumbe wa pili ukaingia. "Mama Yusta, unanitafutia nini wewe?" Ulipoingia wa tatu aliipua sufuria kwa hasira, akatoka na unga mikononi, amenuia safari hii kumwambia mzee Yared maneno ambayo baadaye asingeweza kuyarudisha.

Alimkuta Debora ameketi kitini kwake, msafi, amevaa gauni lake la kitenge, kidole kwenye kengele. Joha akafungua kinywa kuanza. Debora akanyoosha mkono kuelekea kwenye beseni.

"Ya Rabi!" Joha alimaka.

Mayowe ya Joha yaliwatoa watu majumbani. Mpwa wake, Mwinshehe, aliyekuwa na bajaji, aliiingiza mpaka uani, akaugonga ukuta wa jiko la mzee bila kujali. Walipokuwa wanamwinua Yared, simu ya Joha ililia. Ni Devota.

"Mama Debora vipi?"

"Debora hana shida!" Joha alipiga kelele, akakata simu, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi. Akamwachia Debora mwanamke jirani, akapanda bajaji na kichwa cha Yared mapajani mwake, unga wa chapati ukimpaka mzee nywele zote.

Kule Mikumi Letisia ndiye aliyeisikia droo. Alikuwa amepeleka mataulo safi ofisini kwa meneja, na droo ilikuwa ikitetemeka kana kwamba ina panya ndani.

"Bosi," alisema, "samahani. Hiyo inalia muda mrefu sana."

Bwana Deogratias alivuta droo, akasoma jina kwenye kioo, akatoka mwenyewe na simu mkononi mpaka chumba cha kufulia. "Pokea," alimwambia Yusta.

"Yusta," ilikuwa sauti ya Joha, "usiogope. Mama yako mzima."

"Asante Mungu. Basi ni..."

"Ni baba."

Hakuna aliyepiga pasi tena pale. Meneja hakusema pole na hakuomba radhi. Alikwenda dirishani akamwita Damiano, dereva wa gari la mboga la hoteli, aliyekuwa ndiyo kwanza anateremsha matenga ya nyanya.

"Acha hizo. Mpeleke huyu Kilosa."

"Na mboga za jioni, bosi?"

"Watakula mchicha. Mpeleke." Kisha akamgeukia Yusta, akakohoa. "Ukifika unijulishe. Na usiwaze kuhusu siku."

Damiano aliendesha bila kuwasha redio. Walipofika Ulaya, kile kijiji cha njiani, Joha akapiga tena. Yusta aliogopa kupokea. Akamkabidhi Damiano, naye akasikiliza huku ameshika usukani kwa mkono mmoja, uso wake hauonyeshi kitu. Halafu akatabasamu.

"Anasema mzee amefumbua macho. Anauliza mashuka yake yameanikwa na nani."

Yusta akaufunika uso kwa aproni, akalia mpaka wakaingia mjini.

"Mlikuwa mnajua kwamba mzee ana kisukari?" tabibu aliuliza. Alikuwa amesimama kando ya kitanda, dripu inashuka tone kwa tone kwenye mkono wa Yared.

Yusta alimtazama baba yake. Baba yake akautazama ukuta.

"Alimeza dawa za kisukari leo asubuhi, hakula kitu, akaenda kufanya kazi nzito. Sukari ikashuka sana. Huyu mama amemfikisha mapema." Tabibu alimwonyesha Joha, aliyekuwa ameketi kwenye benchi na unga wake umekaukia mikononi. "Angelala pale mpaka mchana, sasa hivi tungekuwa tunazungumza mengine."

Tabibu alipoondoka Yusta alivuta kiti.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu mwaka jana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungetuma pesa."

"Si ndiyo kazi ya pesa!"

"Ungetuma ambazo huna." Sauti ya Yared ilikuwa ndogo, na Yusta hakuwahi kuisikia ikiwa ndogo namna ile. "Kliniki ni kushinda siku nzima, mwanangu. Siku nzima nani akae na mama yako? Nyumba moja wagonjwa wawili, nani amtazame mwenzake? Nikaona mmoja awe mgonjwa, mwingine awe mzima."

Alimgeukia Joha, akatoka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni mbele ya lile benchi, wagonjwa wote wakitazama.

"Mama mdogo, sina cha kukulipa."

"Inuka, utachafua nguo ya kazi," Joha alisema. "Nani amesema nakudai?" Lakini macho yake yalikuwa yamelowa, akayafuta kwa kiwiko kwa sababu viganja vilikuwa na unga.

Yared aliruhusiwa, na watu wa tathmini wakaja wiki ile ile kama walivyopanga. Walikuwa wawili, wameongozana na Devota: Innocent, kijana nadhifu mwenye kishikwambi, na mama wa makamo aliyeitwa Costancia, ambaye alisalimia kila mtu uani, mmoja mmoja, kabla hajakubali kiti. Joha naye aliitwa, akaja na ungo wake wa maharage, akaendelea kuyachambua.

Innocent alianza kwa kuwashukuru kwa kukubali kushiriki majaribio. Akapitisha kidole kwenye kioo.

"Tunaona kengele nyingi sana hapa, na karibu zote za bure. Hata ya Jumanne iliyopita, mgonjwa alikutwa salama. Na binti wa mgonjwa ameomba kifaa kiondolewe. Kwa hiyo hapa hatuna mjadala mrefu, tutakichukua tu leo, hamtapata usumbufu tena."

"Subiri," Yusta alisema. "Jumanne umesema nini?"

"Mgonjwa alikutwa salama. Kengele ya bure."

Yusta alisimama. "Baba yangu alikuwa amelala pale!" Alionyesha karibu na bomba. "Pale! Hiyo ndiyo unaiita bure?"

Devota akashika mdomo. "Ni mimi niliyeandika hivyo. Mama Joha aliniambia Debora hana shida, nikaandika. Habari za mzee nilizipata baadaye, sikukumbuka kurudi kusahihisha."

"Si ni kweli hakuwa na shida," Joha alisema. "Uliniuliza Debora, nikakujibu Debora."

Innocent alionekana kutatizika kwa dhati. "Poleni sana. Lakini mfumo wenyewe unahesabu kengele ya kweli pale mgonjwa mwenyewe anapokuwa na tatizo. Mwenye kengele ni mama. Huenda ilijibonyeza tu kama siku nyingine, ikawa bahati. Mama huwa anaelewa kazi ya kifaa?" Aliuliza hayo akimtazama Yared.

Yared akafungua kinywa kujibu, kama alivyojibu kwa niaba ya mkewe siku zote.

"Si muulizeni mwenyewe," Joha alisema, hakuinua macho kwenye ungo. "Yupo hapo."

Costancia alihamisha kiti chake, akakisogeza upande wa kushoto wa Debora, upande ulio hai, akakaa karibu kabisa.

"Mama, siku ile uliibonyeza kwa bahati mbaya, au ulikusudia?"

Debora alianza kulitafuta neno. Ilichukua muda. Innocent alitaka kusaidia, Costancia akamzuia kwa jicho. Kuku walipita, mtoto akalia nyumba ya jirani, na bado walingoja.

"Nili..." Debora alisema. "Nilimwita. Joha."

Akapumzika. Kisha akamnyooshea Yared kidole.

"Kwa... huyu."

Mikono ya Joha ilisimama juu ya maharage. Yared alikuwa amekaa wima kwenye kigoda chake, machozi yanamtiririka, wala hakuyaficha, mzee wa kanisa yule, mbele za wageni.

"Na ungependa kikae, au tukipeleke kwingine?" Costancia aliuliza.

Debora akaifumbata kengele. "Kikae."

"Sikukuuliza, mke wangu," Yared alisema. "Siku ile ulinisukuma mkono, nami sikukuuliza."

Basi mazungumzo yakaanza upya, na safari hii yalikuwa marefu. Yusta alieleza aibu ya kazini, mlio wa droo, safari za bure. Alisema pia juu ya ujumbe wa asubuhi, jinsi anavyoanza siku akiwa amepumua, na kwamba kwa hilo peke yake anawashukuru. Costancia aliuliza kama ujumbe wa hatari ungekuwa unakwenda kwa Joha kwanza, naye ajibu ama ni kweli ama si kweli, ndipo uende Mikumi, ingefaa? Yusta akasema ingefaa sana. Devota akataja kifungo cha namna nyingine, kilichozama ndani, cha kubonyezwa kwa ncha ya kidole, ambacho bakuli la mbaazi haliwezi kukigusa. Yared aliambiwa angeweza kupewa cha kwake. Akakataa, akamtazama Debora, akasema atafikiri.

"Na wewe mama, una la kuongeza?" Innocent alimuuliza Joha. Sasa alikuwa ameweka kishikwambi mapajani na kumtazama mtu anayezungumza naye.

"Andika hivi," Joha alisema. "Kengele inaita tu. Haijui kubeba mtu. Anayekuja ni mtu, na huyo mtu ana maharage motoni. Sasa kama mnapima mashine, mpimeni na huyo."

Innocent akaandika, akamsomea ili asikie kama ameandika sawa. "Kuna mapendekezo ya kuwapa majirani vocha na posho kidogo," alisema. "Siwezi kuahidi. Nitaandika tu."

"Ukiandika imetosha. Vocha nitapokea. Posho pia nitapokea, mimi si malaika." Watu wakacheka, na Debora akacheka kupita wote, cheko la upande mmoja, mpaka Yusta akahofia atabanwa pumzi.

Kabla ya kuondoka Innocent alisimama mbele ya Debora, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama. Asante kwa kutufundisha."

"Mara... haba," Debora alisema.

Siku ya kliniki ya Yared ilipofika, Joha alihamia pale tangu asubuhi na mapema, na kibao chake cha chapati, unga wake na sufuria yake. Alisema hana sababu ya kukimbia huku na kule. Atapikia hapo hapo, na wateja wake watafuata harufu. Yared alimwonyesha nguo za Debora zilipo, akamwonyesha namna ya kumshika kwapani, akamwonyesha tena, mpaka Joha akamfukuza mlangoni kwa mwiko.

Mzee alikuwa amevaa koti lake la kwenda kanisani. Alitoa kidonge mfukoni, akamimina maji kikombeni.

"Kula," Debora alisema kutoka kitini.

"Nitakula njiani, mke wangu. Foleni ni ndefu kule."

"Kula."

Yared akasimama na kidonge kiganjani, bajaji ya Mwinshehe ikipiga honi nje. Aliyazoea macho ya mkewe yakimfuata kila mahali, lakini alikuwa hajawahi kufikiri kwamba yanamchunga. Akavuta kigoda. Joha akamwekea chapati na maharage, na mzee akala mbele ya mkewe, tonge kwa tonge. Alipotaka kuinuka, Debora alikionyesha kipande kilichobaki. Akakila.

"Nimeshiba," alisema. "Asante."

Debora aliikagua sahani, akaridhika, akampungia mkono aende.